Watoto Waliotumwa Maji Saa ya Chakula

Siku yangu ya kwanza kazini, Pasta Mkurugenzi hakunipa kiti. Alinipa mwavuli, akaniambia kwamba huduma ya misaada ya kanisa haifanyiwi ofisini, nimfuate. Tulizunguka kutwa nzima katika mitaa iliyo nyuma ya soko kuu la Bunia, parseli moja baada ya nyingine, yaani kiwanja na nyumba zake, akinifundisha kupiga hodi, kungoja kukaribishwa, na kukaa pale mwenye nyumba anapokuonyesha, hata kama ni kwenye bidoni ya maji iliyopinduliwa. Hiyo tuliiita vizite: kumtembelea mtu kwake kabla ya kuamua kama atasaidiwa. Ninyi vijana mnaoifanya siku hizi kwa simu, mtanisamehe, hamjui mnachokikosa. Jioni miguu yangu ilikuwa imevimba, na mwavuli sikuufungua hata mara moja, maana mvua haikunyesha.

Nilianza na wajane, katika chumba cha kushona. Baadaye nilipelekwa kijijini Bogoro, nikakaa huko hadi nilipoanza kuota kwa lugha ya wenyeji, kisha nikarudishwa mjini wakati watu wa Djugu, eneo jirani, walipokuwa wakimiminika kwa kukimbia mauaji. Pasta alikuwa ameshastaafu. Mahali pake alikuja mtu tuliyemwita Coordo, kwa kuwa jina lote la cheo chake cha uratibu, Coordonnateur, lilituchosha ulimi. Hakuwa mtu mbaya, niseme wazi. Alipenda utaratibu. Wafadhili walisema msaada ni wa deplase, yaani mtu aliyekimbia vita na kuacha kwake, basi kwa Coordo ulikuwa wa deplase na si wa mwingine. Lakini deplase wengi hawakukaa kambini. Walikaa majumbani mwa watu.

Ndivyo nilivyomjua Mama Kavira. Asili yake ilikuwa Butembo, mume wake alikuwa amefariki, naye aliuza unga wa muhogo sokoni. Kabla ya vita alizoea kupanda hadi Fataki, huko Djugu, kununua maharagi kwa mkulima mmoja, Mama Lotsove. Asubuhi moja Mama Lotsove alitokea mlangoni pake na watoto na godoro. Hawakuwa ndugu, wala lugha yao ya nyumbani haikuwa moja. Mama Kavira akawapa chumba chenye kitanda, yeye na watoto wake wakahamia jikoni. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa mimi. Akasema yule mama hakuwahi kumpunja kipimo.

Kazi yetu pale ilikuwa kupima mkono. Unamfunga mtoto ukanda mwembamba wa rangi juu ya kiwiko: kijani ni mzima, manjano ni hatari, nyekundu ni utapiamlo mkali. Watoto wa Mama Lotsove walikuwa kijani kila tulipofika, hata Coordo akawa anawatolea mfano mikutanoni. Tulikuwa tunafika mchana kwa makusudi, ili tuone chakula. Tuliwakuta wageni wameizunguka sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, Mama Kavira amesimama akiwaongezea. Watoto wake mwenyewe hatukuwaona. Ukiuliza, wamekwenda kuchota maji. Nani Bunia atashangaa mtoto kwenda bombani?

Siku moja mvua ilitushika njiani, tukafika sahani zimeshaoshwa. Nilizunguka nyuma kutafuta mahali pa kukamua kitenge changu, nikachungulia jikoni. Watoto wawili walikuwa wanakwangua ukoko kwenye sufuria. Wa tatu alikuwa amelala chini kando yao, hakwangui. Nilidhani ni mtoto mchanga. Kumbe ni Masika, kitinda mimba wa Mama Kavira, msichana wa umri wa kukimbia na kuimba. Nilitoa ukanda, nikamfunga. Nyekundu. Nikaufungua, nikaufunga tena, nikidhani baridi imenipumbaza vidole. Nyekundu tena, na ngozi ikining'inia. Nikakaa pale pale kwenye majivu.

Mama Kavira aliingia akaniona. Hakukasirika. Aliona haya.

“Mama Rejina, hapana fungia wangu ile kamba,” akasema. “Ile iko ya wageni.”

Nikamuuliza kama yeye na watoto walikuwa wamekula.

“Tulikula zamani,” akajibu, akitazama chini.

Kisha, taratibu, alinieleza. Kwao mgeni anapokula, watoto wa nyumba hutumwa mbali, kwa sababu mgeni akikutana na macho ya mtoto ataacha kutafuna. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Lakini wageni wa mama yake walilala wakaondoka. Hawa hawakuwa na pa kurudi, na hakuna aliyewahi kumfundisha desturi ile inaishia wapi mgeni asipoondoka. Tena unga wa msaada, ambao Mama Lotsove alimkabidhi wote kwa adabu ya mgeni, yeye aliwapikia wageni peke yao. Aliwaongezea na wa biashara yake. Sisi wa kanisa si ndio tulimwambia chakula hiki ni cha deplase?

Miezi yote ile tulikuwa tumeisifu nyumba ambamo mtoto anakufa nyuma ya ukuta. Nilipogeuka nikamwona Mama Lotsove amesimama mlangoni, amesikia yote. Siku zote aliamini watoto wa mwenzake wanakula jikoni. Aliweka mikono kichwani, akaketi kwenye matope, na hakulia.

Nilikwenda ofisini hivyo hivyo nimelowa. Coordo alinisikiliza hadi mwisho.

“Mama Rejina, ule mutoto hakukimbia,” akasema. “Iko mu nyumba yabo. Nitamwandika namna gani?”

“Njaa ilimukuta mu nyumba,” nikamwambia. “Kuya uone.”

Alikuja, labda kwa kuchoshwa nami. Aliuzungusha mkono wa Masika kwa kidole gumba na cha shahada, vikakutana na nafasi ikabaki. Alimbeba mwenyewe hadi kwenye jeep, shati lake jeupe likajaa majivu, akampeleka kituo cha lishe. Masika alichukua muda mrefu, lakini alipona. Baada ya hapo Coordo aligombana na wafadhili mpaka wakachoka. Tukaanza kupima kila mtoto wa parseli, aliyekimbia na asiyekimbia, na kumuuliza mwenye nyumba kama naye amekula. Halafu mama mmoja wa timu yetu alifunua sufuria kuhakikisha.

Sasa nimestaafu. Nina wajukuu ninaowalea, na tangu vita vilipochacha tena nina mama mmoja wa Djugu chumbani kwangu, na watoto wake. Juzi mchana alikuja binti wa huduma, mgeni kwangu, hajui niliwahi kufanya kazi gani. Alipiga hodi vizuri, Pasta angefurahi. Akawapima watoto wa mgeni wangu: kijani wote. Nikaona fahari. Kisha akanigeukia, akaniita koko, yaani bibi.

“Na weye, koko, ulikula?”

“Tulikula zamani,” nikamjibu.

Neno lilitoka lenyewe, wala sikulitafuta. Binti akaomba ruhusa, akaingia jikoni. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa na kurudishwa. Alipotoka aliuliza kwa upole sana.

“Na bajukuu iko fasi gani?”

Nikamwambia wamekwenda kuchota maji. Ni mimi niliyewatuma.