Mstari wa Dhahabu Juu ya Jiwe Jeusi

Asubuhi niliyopanga kwenda kuuza sarafu yangu ya noble, baba aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni, katika nyumba tuliyopanga Schaerbeek, mjini Brussels, amekaa dirishani penye mwanga. Sarafu niliyoiacha mezani usiku, tayari kwa safari, ilikuwa imetolewa kwenye kifuko chake. Mbele yake palikuwa na jiwe jeusi bapa, ukubwa wa kiberiti.

"Bon, mwanangu," alisema. "Nimeipima. Iko dhahabu ya kweli. Ule muzungu asikudanganye."

Jiwe lile nalijua tangu utoto. Kule Kivu baba alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na hakuna dhahabu iliyotoka nyumbani kwetu bila kusuguliwa juu yake. Unasugua kidogo, mstari unabaki, unasoma rangi ya mstari. Tulipokimbia aliacha mizani, akabeba jiwe.

Noble ni sarafu ya Uingereza ya karne ya kumi na nne. Upande mmoja mfalme amesimama ndani ya meli, upanga mkononi, ngao kifuani. Meli ni ndogo kwake, kama mtu aliyesimama ndani ya karai. Nyingi zilivuka kuja huku Flandria wakati wa biashara ya sufu, na hadi leo huonekana katika maduka ya Brussels. Nilianza kukusanya kwa robo-noble iliyochakaa, kisha nusu-noble. Hii nzima niliitafuta kwa miaka. Wakusanyaji wana sheria ambayo hata mgeni huambiwa siku ya kwanza: shika ukingoni, usioshe, usisugue. Baba sikuwahi kumwambia. Sikufikiri kwamba angekuja kuigusa.

Kazi yangu, mpaka kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest kilipofungwa, ilikuwa kutafuta mikwaruzo. Magari yalipita chini ya taa nyeupe, nami nilitembeza jicho juu ya rangi, mlango kwa mlango. Kwa hiyo niliuona mara moja: ubapa mdogo unaong'aa ukingoni, chini ya meli. Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Tangu kiwanda kifungwe mambo mengi hayakunifikia. Niliyasikia kama redio ya jirani.

"Umeona?"

"Asante, papa."

"Kunywa chai kwanza. Muntu haendi kuuza na tumbo mutupu, atakubali kila kitu."

Nilikunywa. Robo na nusu zilikuwa zimeshauzwa. Hii nzima ndiyo ingetuweka katika nyumba ile hadi nipate kazi nyingine. Baba, ambaye macho yanamwishia, anazijua ngazi za nyumba ile kwa miguu tu. Sikuwa nimemtajia neno kuhama.

Mwenye duka la sarafu, Mbelgiji mzee mwenye sweta lenye viraka kwenye viwiko, alikuwa ameiona wiki iliyotangulia, kabla ya jiwe. Safari hii aliigeuza chini ya kioo cha kukuzia, kisha akaacha kuigeuza.

"Nani kafanya hivi?"

"Baba yangu. Alitaka kuhakikisha hunidanganyi."

Alicheka, kisha akaona haya. Akanionyesha ukingo wa juu, karibu na taji, palipokuwa na mkato mdogo mweusi.

"Na huu uliujua?"

"Niliujua."

"Mfanyabiashara fulani wa zamani. Naye alitaka kuhakikisha hadanganywi. Yeye tunamwita historia, bwana. Baba yako tunamwita hasara."

"Kwa hiyo?"

"Naichukua. Lakini si kwa bei ile."

Bei aliyotaja ingetuvusha msimu wa baridi, si zaidi. Nilikubali. Kwenye kituo cha tramu niligundua kwamba bado nilikuwa nimeshika kile kifuko kitupu kwa ncha za vidole, ukingoni.

Baba alikuwa pale pale jikoni.

"Alisema nini?"

"Alisema iko dhahabu."

"Nilikuambia!" Akapiga goti lake. "Alishituka, eh? Aliona kama watu wa kwetu wanajua."

"Alishituka, papa."

Jiwe lilikuwa bado mezani. Mstari ulikuwapo juu yake, mfupi, mwembamba, wa manjano. Nilitaka kumwomba auache, lakini alikuwa ameshalowesha kipande cha msasa.

"Kuja unimulikie. Jiwe inapashwa kubakia safi, sivyo kesho itakudanganya."

Nilimmulikia kwa simu. Alisugua taratibu, akapuliza, akaufuta unyevu kwa kidole gumba, kisha akaniuliza kama kuna kitu kimebaki. Nililitazama jiwe kama nilivyozoea kutazama milango ya magari, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Hakuna kitu, papa," nilimwambia.