Mpishe Mdogo Wako

Sindano alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, lakini jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi. Alipewa kwa ajili ya mdomo. Ukimwambia kiti chako kimechanika kidogo tu, atakuuliza kama na akili yako imechanika kidogo tu. Wateja walimvumilia kwa sababu mshono wake haufumuki, na kwa sababu waliomzoea walisema huyu bwana hana kinyongo, akishasema amemaliza. Ndivyo walivyodhani, maskini. Yaliyokuwa yakimtoka ni yale madogo madogo. Makubwa aliyaweka.

Kubwa kuliko yote lilikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye watu walimwita Rangi tu na wakampenda bure. Rangi alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusalimia, mtu wa kukumbuka mtoto wa kila mteja anasoma darasa la ngapi. Karakana ile waliachiwa wote wawili na baba yao. Rangi alikuwa na chumba cha kupulizia rangi na meza ya mbele, ile inayoelekea barabarani, ambapo wateja hupokelewa. Sindano alikuwa na cherehani yake huko nyuma, jirani na stoo, ambako hata mwenye kumdai angepotea njia.

Namna ya kugawana ilianza zamani. Utotoni palikuwa na baiskeli moja. Mama yao akasema, mpishe mdogo wako, wewe umeshaendesha sana. Ilipotokea nafasi ya chuo cha ufundi, nayo moja, mama akasema mpishe mdogo wako, wewe tayari una mkono wa kazi. Kisha akaja yule binti wa duka la vitambaa. Sindano alikuwa akienda kununua uzi asiouhitaji ili apate kumwona, na alikuwa bado anatafuta maneno ya kuanzia, siku Rangi aliposema nyumbani kwamba anamtaka msichana huyo huyo. Mama alimwita Sindano chumbani, akarudishia mlango, akasema lile lile. Sindano akampisha. Akacheza hadi kwenye harusi, tena kwa bidii, na uzi ule wote uko kabatini hadi leo.

Sasa usinielewe vibaya. Rangi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupishwa, na mtu wa namna hiyo haoni kama kuna aliyesogea.

Basi karakana ikapata kazi nene. Mwenye kampuni moja ya kubeba wanafunzi alileta mabasi madogo yapakwe rangi upya na yashonewe viti vipya, akaahidi kwamba akiridhika ataleta na mengine yote. Siku moja Sindano alikuwa ndani ya basi mojawapo, amelala chini anapima reli za viti, mara akamsikia mdogo wake akipita ubavuni na simu sikioni.

“Usiwe na wasiwasi, mkubwa,” Rangi alikuwa akisema. “Karakana ni yangu, mimi ndiye msemaji. Viti anashona fundi wangu mmoja hivi, mzee mzee, lakini kazi anaijua.”

Fundi wangu mmoja hivi! Sindano alibaki chali pale pale sakafuni, anatazama dari la basi. Baiskeli aliitoa. Chuo alikitoa. Yule binti alimtoa, na harusi yenyewe akaichangia. Lakini kuitwa mzee mzee mmoja hivi, kwenye ua wa baba yake mwenyewe, hilo lilimkaa kooni likakataa kushuka.

Alikula njama peke yake. Viti alivishona vyote, vizuri kuliko alivyowahi kushona, akavipanga stoo, akafunga kufuli, na ufunguo akautia kwenye kamba aliyojifunga kiunoni ndani ya shati. Mwenye mabasi angekuja Jumatatu asubuhi kuyachukua. Angekuta rangi inang'aa na ndani mabati matupu. Akiuliza viti, Sindano angemwambia kwa adabu kwamba aulize mwenye karakana. Kazi ingepotea, jina lingekufa, na yeye mwenyewe angelala njaa pamoja na Rangi na mama yao. Alilijua hilo vizuri. Alichotaka ni kuuona uso wa Rangi ukitafuta maneno mbele ya mtu mkubwa, kisha mengine yaje yatakavyo.

Jumapili, siku moja kabla, zilikuwa mbio za kwanza za msimu.

Karakana ile ilikuwa maskani ya wapenzi wa mbio za magari. Palikuwa na televisheni kubwa ukutani, na watazamaji walikaa kwenye viti vya magari vilivyong'olewa vikisubiri kushonwa, kwa hiyo kila mtu alitazama mbio akiwa amelala nusu kama dereva mwenyewe. Alikuwapo mwalimu wa udereva, ambaye gari likikaribia kona alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kutafuta breki. Alikuwapo Mama Vipuri, mwenye duka la vipuri la jirani, mwanamke asiyeshindwa hoja wala kelele. Na mama wa ndugu wale wawili alikuwapo, kwenye kiti cha mbele cha gari la kifahari, mto nyuma ya kiuno. Mbio hakuzifuata sana. Alipenda kuona wanawe wamekaa pamoja.

Ubishi ulianza kabla magari hayajawashwa. Wote ulihusu timu ya bluu, yenye madereva wawili: Mkongwe, aliyeipa timu ushindi miaka mingi, na Kinda, kijana mpya mwenye meno mazuri na picha kila mahali. Mwalimu wa udereva alisema msimu huu timu ni ya Kinda, kwani gari lenyewe limeundwa kwa mtindo wake wa kupiga kona. Mama Vipuri akamwambia aache kusoma magazeti kichwa chini, Kinda bado ananuka maziwa, anamaliza matairi kabla hajafika popote. Rangi alikuwa upande wa Kinda, bila shaka. Sindano alikuwa upande wa Mkongwe na hakusema neno, jambo ambalo lingewashtua kama wangelitazama.

Mbio zikaenda vizuri. Mkongwe alishika uongozi tangu mwanzo, Kinda akimfuata nyuma kwa karibu. Ilipobaki mizunguko michache, watangazaji wakawasikilizisha watu redio ya timu. Sauti tulivu ya mkuu wa timu ilimwambia Mkongwe kwamba mwenzake ana matairi mazuri zaidi. Mpishe mwenzako, ikasema. Ikarudia: mpishe.

Sindano alikaa wima.

Mkongwe hakujibu. Kinda akaingia ndani ya kona kana kwamba mlango umeshafunguliwa, kwa sababu aliahidiwa utafunguliwa, na Mkongwe akaufunga. Gurudumu likapanda juu ya gurudumu. Magari yote mawili yalizunguka, yakavuka nyasi, yakaishia kwenye kokoto yakitoa moshi, na gari la timu nyingine kabisa likapita kwenda kuchukua ushindi. Mwalimu wa udereva alikuwa amekanyaga breki mpaka kiatu kimemtoka. Watu wote walishika vichwa.

Sindano alipiga makofi. Hakupiga ya mzaha. Alipiga makofi ya kweli, polepole, peke yake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo wale watu hawakuwahi kuiona.

Hapo ndipo mjadala wenyewe ulipowaka. Mwalimu alisema Mkongwe afukuzwe kesho yake, timu ni timu, dereva analipwa kutii. Mama Vipuri alisema hata yeye anampenda mzee huyo lakini hapo alikosea, maana kosa la mwajiri halilipwi kwa kuvunja gari. Rangi alisema ni upuuzi mtupu. Angempisha tu, akachukua nafasi ya pili, timu ikala vizuri, wote wakafurahi.

“Wote nani?” Sindano akauliza.

“Wote, kaka. Sasa ona, hata yeye mwenyewe hakupata pointi.”

“Mwenzake naye hakupata. Inatosha.”

Lilikuwa jibu la ushabiki tu, ukilisikia juu juu, na Mama Vipuri alicheka. Rangi hakucheka. Alimtazama kaka yake, ile mikono iliyopiga makofi, ile furaha ambayo ilikuwa bado haijatoka usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifikiri jambo hadi mwisho.

“Kaka,” akasema, “vile viti viko wapi?”

“Stoo.”

“Nipe ufunguo nianze kuvifunga leo.”

“Sitoi.”

Mtu mmoja akapunguza sauti ya televisheni. Rangi alisimama, akakaa tena. Akauliza kwa sauti ndogo, si ya kibishi tena, “Ungenigonga? Mimi?”

“Ningekugonga,” Sindano akasema. “Tena kwa mwendo wote nilio nao.” Kisha akayatoa yale makubwa, pale mbele za watu. Akataja baiskeli, akataja chuo. Binti hakumtaja, kwa sababu shemeji ni shemeji, lakini Rangi aliinamisha macho kama ametajwa. Akamalizia na simu. Alimrudishia mdogo wake maneno yake yote bila kupunguza hata moja, ya karakana ni yangu na ya mzee mzee mmoja hivi. Rangi alifungua mdomo ukakataa kusema kitu. Naam, ndio uso ule ule Sindano aliokuwa ameupanga kwa Jumatatu. Ulikuja mapema, na mashahidi juu.

Mama alikuwa amemtazama mwanawe mkubwa muda wote huo. Alijiinua kidogo kutoka kwenye kiti cha kifahari, akageuka upande ambao hakuwahi kugeukia.

“Mpishe kaka yako,” akamwambia Rangi.

Rangi hakubisha. Alikwenda kwenye meza ya mbele, akatoa muhuri wa karakana kwenye droo, akauweka juu pamoja na funguo za mlango wa barabarani, akachukua koti lake lililoning'inia kwenye kiti, akasimama pembeni. Sindano alipita katikati ya watu akaenda kuketi.

Wapo watakaokuambia kisasi hakina ladha. Hao hawajaonja. Roho ya Sindano ilisuuzika mpaka akahisi vidole vya miguu. Alikaa pale anatazama barabara, jua la jioni linampiga usoni, na kila mpita njia alimwona kuwa mwenye karakana. Ufunguo wa stoo akautoa mwenyewe kiunoni, akawarushia waliokuwapo wavifunge viti mabasini.

Alipomsindikiza mama nyumbani alishindwa kujizuia. Akamuuliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hiyo. Alitaka kusikia kwamba hatimaye mama ameona haki iko wapi.

“Leo niliona utagonga kweli,” mama akasema.

Kwa hiyo alipishwa kama linavyopishwa lori lililokatika breki. Alilitafuna hilo njia nzima ya kurudi, likawa chungu, akalimeza. Hata hivyo, akajiambia, nimepishwa.

Jumatatu mwenye mabasi alikuja, akakagua, akabonyeza viti kwa ngumi, akafurahi, akaahidi kuleta mengine. Sindano ndiye aliyezungumza naye mezani. Rangi alisogeza mabasi nje, akafuta vioo, na alipoitwa aje kusalimia alisema, “Bosi ameshamaliza yote.” Mwenye mabasi alicheka. Sindano naye alicheka, akidhani ni mzaha wa siku moja.

Haukuwa mzaha. Tangu siku ile Rangi alimpisha. Wakikutana mlangoni, alirudi nyuma hatua zaidi ya zinazohitajika, mgongo ukutani, akasema pita, bosi. Bombani alifunga maji mikono yake ikiwa bado ina sabuni, akangoja kaka yake anawe kwanza. Kwa mama, chakula kikiwekwa mezani, hakugusa kijiko mpaka kaka yake ajihudumie, na akiombwa achague kipande alisema anachokipenda bosi ndicho hicho. Hakununa. Hakujibu vibaya hata siku moja. Sindano alijaribu kumtukania rangi aliyopaka, kwamba imetoka na mabonde, naye akaipiga msasa upya, gari zima, bila kuuliza bonde liko wapi.

Zilipokuja mbio za pili, karakana ilijaa. Timu ya bluu haikumfukuza Mkongwe, na Mama Vipuri na mwalimu walikuwa wameshashikana mashati juu ya hilo tangu asubuhi. Sindano aliona nafasi yake. Aliketi karibu na mdogo wake, akakohoa, akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba yeye sasa amefikiri, na kwa kweli Mkongwe kwishnei, dereva ni Kinda. Mama Vipuri alimgeukia akidhani ana homa. Sindano hakumwangalia. Alimkazia macho Rangi, akingoja amcheke, amuulize ulikuwa wapi siku zote, amwambie kaka, leo ndio umeamka. Angempa muhuri na funguo zote kwa neno moja la ubishi.

“Kweli kabisa, bosi,” Rangi akasema, na akasogeza kiti chake pembeni, ili amwachie aone vizuri.