Mtahini Häfele na Helikopta Yake

Kwa miaka mingi Eberhard Häfele alikaa kiti cha nyuma cha magari ya shule ya udereva akitahini madereva wapya, akafelisha nusu ya mji wetu. Alifelisha waliosahau kutazama kioo cha pembeni, na waliokitazama mpaka wakasahau barabara. Mwuza mikate mmoja alifelishwa kwa kumpungia mkono mama yake. Häfele hakuwa mkatili. Mkatili hufurahi kidogo baada ya kazi, Häfele alifurahi wakati wa kazi.

Alipostaafu, aliyebaki kutahiniwa alikuwa mkewe, Irmgard. Alimkosoa anavyofagia ngazi, akamkosoa anavyokata viazi vya saladi, hadi siku moja Irmgard akaweka kisu chini.

"Eberhard, nenda ukakosoe kitu nje ya nyumba hii. Chochote. Nitakufungia chakula."

Ndivyo alivyofika kwenye klabu yetu ya ndege za rimoti, iliyo nyuma ya mashamba ya viazisukari. Wageni wengine hufika pale wakakodolea macho ndege. Häfele alimkodolea macho mzee Zipperle, msimamizi wa uwanja, aliyesimama ukingoni na kizibao cha manjano akiamua nani arushe na nani ateremshe. Zipperle alikuwa anahamia kwa binti yake, na mkutano wa vuli ungemchagua mwingine. Sharti lilikuwa moja: awe mwanachama aliyefaulu mtihani wa kurusha. Häfele alikitaka kizibao kile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu astaafu, akajiandikisha siku hiyohiyo.

Alichagua helikopta badala ya ndege kwa hoja aliyoiona haina kasoro: ndege hukimbia, helikopta husimama. Kitu kilichosimama, alisema, hakijawahi kumshinda.

Dukani mwuzaji alimuuliza kwa upole, "Hii ni ya kwanza kwako?"

"Ya kwanza kununua," akajibu Häfele, kama mtu aliyezoea kuazima.

Mwuzaji akamwonyesha moja ya wastani, ndefu kama mkono wa mtu mzima, isiyo na rangi ya maana. "Haina sura, lakini vipuri vyake haviadimiki. Na kabla ya kuirusha, rimoti hii unaichomeka kwenye kompyuta. Unazivunja za kwenye skrini mpaka uchoke, hazina gharama."

"Sikuja kununua mchezo wa watoto. Ile pale?"

Ile pale ilikuwa kubwa kama mbuzi, nyekundu na nyeupe mfano wa helikopta za uokoaji, na dirishani amechorwa daktari anayetabasamu.

"Kubwa hutulia zaidi hewani, sikatai," mwuzaji akasema. "Ila ikianguka, mzee wangu, imeanguka."

Häfele akamwambia ampakilie.

Mwalimu wa helikopta klabuni ni Daktari Gudrun Klotzbücher, anayeng'oa meno ya mji mzima. Alipokuwa msichana, Häfele alimfelisha mara tatu, mara ya mwisho kwa kusitasita kwenye njia panda isiyo na gari hata moja. Daktari husema amekwisha kusahau. Husema hivyo mara nyingi.

Siku ya kwanza alimfungia helikopta fimbo mbili zilizopishana chini ya tumbo, zenye vimpira kwenye ncha, ili isipinduke ikitua vibaya.

"Hivi ni vya nini?" Häfele akauliza. "Inajifunza kutembea?"

"Helikopta inajua, Bwana Häfele. Ni wewe."

Kisha akachukua rimoti ya pili, iliyoungana na ya mwanafunzi bila waya, ili mambo yakiharibika ashike yeye. Ni kama ile breki ya pili iliyo miguuni pa mwalimu wa udereva, na Häfele alikuwa ameishi nyuma ya breki hiyo maisha yake yote ya kazi.

Helikopta ikapaa, ikainama, ikaelekea kwenye viazisukari. Halafu ikajirudi taratibu, ikasimama hewani mbele yao kama taa iliyotundikwa darini.

"Umeona nilivyoirudisha?" Häfele akasema.

"Nimeona," akasema daktari.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Häfele akaanza kutoa maoni kuhusu urushaji wa wenzake. Siku moja Siegbert, fundi bomba, akavumilia mpaka akashindwa.

"Bwana mtahini, hebu toa vidole kwenye rimoti yako."

"Itaanguka!"

"Toa tu, tuone."

Häfele akatoa vidole. Helikopta haikuanguka. Kusema kweli, ilitulia zaidi. Chini ya turubai watu waliacha keki ya tufaha wakacheka mpaka wakapaliwa, na daktari, bila kugeuza uso, akaitua.

Mtu mwingine angehama klabu. Häfele alirudi dukani akanunua ule mchezo wa watoto. Irmgard anasema alijifungia chumba cha chini ya nyumba na kompyuta, na kilichosikika ni mtu akijigombeza: "Kushoto! Kushoto kwake, siyo kwako!" Maana helikopta ikikupa mkia, mnaelewana, na ikikugeuzia pua, kila ulichozoea kinakuwa kinyume. Daktari alimfundisha njia ya mkato: sukuma kifimbo cha rimoti upande ule helikopta inakoinamia, kama unayemzuia mlevi asianguke. Häfele alipinga njia za mkato kwa kanuni. Akaitumia.

Jumapili ya mtihani alifika amechana nywele. Fimbo za vimpira zilikuwa zimefunguliwa, na rimoti ya pili ilibaki ndani ya gari la daktari. Ilibaki kupaa tu. Lakini Häfele akataka kwanza chombo kikaguliwe kama anavyokagua yeye, skrubu kwa skrubu, mapanga yanayozunguka juu, betri, kisha tena mapanga. Asubuhi ikayoyoma.

"Harakisha, mzee," Siegbert akasema. "Kuanzia saa sita majirani wanapumzika."

Hilo klabuni si la mzaha. Kengele ya kanisa ikigonga saa sita, mota zote zinazimwa, hata zile zenye sauti ya feni. Ila aliyeko hewani huachiwa atue kwanza. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kulisema hili.

Helikopta ikapaa kupita vichwa vyetu. Mkia kwetu: imetulia. Ubavu: imetulia. Akaigeuza pua, na tukaacha kutafuna. Ilitikisika, akaizuia, ikasimama. Yule daktari wa dirishani akatutabasamia kwa mara ya kwanza bila msaada wa Daktari Klotzbücher. Bado kuitua tu.

Kengele ikagonga.

Kidole cha Häfele kikaenda kwenye swichi ya kukatia mota. Hakikumuuliza mtu, hata Häfele mwenyewe. Helikopta ikashuka kama kabati lililotupwa ghorofani. Mapanga yakaruka upande huu, mkia upande ule.

Kengele ilipomaliza, kukawa na utulivu ambao majirani wale hawajawahi kuupata.

"Ilikuwa saa sita," Häfele akasema.

"Ilikuwa saa sita," daktari akakubali. Akaangalia vipande, akamwangalia mzee, na sisi tuliomjua tangu shule tukaona anahangaika. Alikuwa ameingoja siku hii tangu ujana, na sasa haikumpendeza. "Ulisimamisha vizuri pande zote tatu. Kutua tunaweza kusema—"

"Kutua?" Häfele akamkatiza. Mgongo ulikuwa umenyooka, na sauti ilikuwa ile ya kiti cha nyuma, tuliyoisikia wote tulipokuwa na miaka kumi na minane. "Unaita huko kutua? Amepoteza chombo, hakutathmini mazingira, ameshtushwa na kengele ambayo hulia kila siku. Huyu hafai kuachiwa peke yake. Amefeli, Daktari. Amefeli vibaya sana."

Akatutazama mmoja mmoja aone kama kuna mwenye pingamizi. Mashavu yalikuwa yamemwiva kwa raha. Kisha akainama kuokota mapanga, na hapo tu ndipo tulipomwona anaanza kuelewa amemfelisha nani.