Unga Mweusi wa Mama Keji

Ndugu wasomaji, mkinicheka sitawalaumu, maana soko zima la Konyo Konyo limeshanicheka.

Bosi wangu, Mama Keji, ana karakana ya matangi ya maji ya plastiki huku Sherikat. Majuzi aliagiza grafini, unga mweusi ambao ukichanganywa kidogo na plastiki unaiongezea nguvu.

"Ladu, weka kijiko tu kwa kila gunia," aliniambia akienda safari. "Ukizidi unashikana madonge, na plastiki inavunjika."

Lakini mimi nimesomea Nakuru, tena nimetazama video. Nikawaza, kama kijiko kinaleta nguvu, mkebe mzima si utaleta miujiza? Nikaumimina wote kwenye plastiki ya tangi moja.

Tangi likatoka jeusi, linang'aa kama kiatu cha waziri. Mama Keji aliporudi alilipenda, tukalipeleka sokoni kuwaonyesha wateja.

"Hii tangi iko na nguvu kweli?" akauliza mchungaji aliyetafuta tangi la kanisa.

"Mchungaji, hii ni sayansi!" nikajibu. Nikapanda juu yake, nikaanza kurukaruka huku nikiwahutubia watu habari za teknolojia.

Tangi likalia kwaa! Nikatumbukia ndani, viatu na hotuba yangu pamoja.

Nje watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha nikasikia Mama Keji akigonga ubavu wa tangi, taratibu.

"Ladu, unga uliweka kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama."

"Kalas, basi. Toka humo, ukaniletee uliobaki."