Majivu ya Konsolata

Mwalimu Telesphory alipotaja agoni kwa mara ya kwanza mbele ya walimu wenzake, mimi nilisikia ugoni, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nafundisha Kiswahili, sikio langu hukimbilia linakokujua. Alinivumilia, akaeleza kwamba agoni ni gesi, ile wanayotumia mafundi wa kuchomelea. Huko Ulaya, chini ya mlima, kuna wataalamu wanaoipoza mpaka iwe maji, kisha wanakaa kuyatazama. Wanasubiri kitu kisichoonekana, kinachopita katika miili yetu bila hodi, kiyaguse hayo maji yatoe mwanga kidogo.

"Wameshakiona?" nikamuuliza.

"Bado. Kelele ni nyingi."

Kelele aliyoisema si ya masikio. Ukuta, udongo, chuma, hata mifupa yetu, vyote hutoa mionzi midogo, na mionzi hiyo huuchokoza mtambo kabla mgeni mwenyewe hajafika. Kazi kubwa ya watu wale ni kunyamazisha vitu. Niliona ni upuuzi wa walioshiba.

Telesphory hakuona hivyo. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998, na wataalamu hao walikuwa wamemjibu barua. Ipo nafasi moja ya masomo kwa walimu wa nchi kama yetu, mwisho miaka thelathini na mitano. Mtihani wake: chukua kihesabio cha mionzi cha shule, kijengee sanduku, punguza milio ifike nusu. Majibu yafike kabla Aprili haijaisha. Juni angetimiza thelathini na sita. Mwaka mwingine haukuwepo.

Juu ya meza tupu kihesabio kililia mara ishirini na nane kwa dakika. Alihitaji kumi na nne.

Risasi huzuia mionzi, na risasi ya zamani imetulia kuliko mpya. Basi alikwenda kwa Ignas, mvuvi wa mto Kilombero, akapewa debe zima la risasi za kuzamishia nyavu alizoacha marehemu baba yake Ignas. Aliziyeyusha katika sufuria ya mkewe, Konsolata, tena ile ya harusi, akafyatua matofali. Yalitoka meusi, yamepinda, mwanga unapenya katikati.

Konsolata ndiye aliyeyaokoa. Alisugua kila tofali kwa majivu ya migomba, kama tunavyosugua masufuria wote hapa Ifakara, yakang'aa. Kisha akakoroga majivu na maji, akaziba nyufa ndani na nje kama anavyoziba jiko lake la udongo. Telesphory alimsifu. Hata mimi nilimsifu. Nani amewahi kuona uchafu kwenye majivu? Majivu ndiyo yanayotoa uchafu.

Kihesabio kikaingizwa sandukuni. Kililia mara thelathini na sita.

Alipima wiki tatu. Alivua saa, akahamisha meza, akafukuza kuku, akapima mvua ikinyesha na mvua ikikatika. Thelathini na sita, thelathini na saba. Alikonda hadi mkanda ukatobolewa tundu jipya. Nilimwonea huruma, nikampa ushauri wa kipumbavu.

"Andika kumi na nne. Nani atakuja Ifakara kuhesabu?"

Alinitazama kama niliyetemea mate kisimani. Aliandika thelathini na sita, na chini yake: sijui kwa nini. Asubuhi barua ikaondoka na basi.

Mchana ule nilikuwa kwao. Konsolata alikuwa akichanganya majivu na maharage yasibunguliwe, na kihesabio kilikuwa mezani kimeachwa wazi. Alipoweka bakuli la majivu kando yake, milio ikaongezeka. Telesphory akainua kichwa. Akasogeza bakuli mbali, milio ikapungua. Akalirudisha. Ikaongezeka.

Alisubiri mkewe aende kisimani. "Potasiamu," akaninong'oneza. "Hutoa mionzi. Mgomba huinyonya ardhini, moto huiacha yote kwenye jivu. Nawafundisha kidato cha tatu kila mwaka!"

Tuliyaosha matofali, tukakwangua nyufa, tukaziziba kwa risasi iliyobaki. Kumi na tatu.

Alidandia baiskeli kulifukuza basi, kwa tope lile. Katika kijiji cha Mkula walimwambia lilikwama pale muda mrefu, limeondoka sasa hivi tu. Aliandika barua ya pili, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na basi lililofuata lilichukua wiki nzima kupita.

Jibu lilikuja Juni. Nafasi amepewa mwingine. Barua yako ya pili, waliandika, ni bora kuliko zote tulizopokea. Ilitufikia siku tisa baada ya tarehe. Aliisoma kwa sauti hadi kwenye neno mwingine, akaikunja. Yaliyobaki alinionyesha mimi peke yangu.

Konsolata alikuwa uani anaosha vyombo. "Baba Agnella," aliuliza, "hiyo kelele hasa ilitoka wapi?"

"Angani, Mama Agnella. Hakuna ambaye angeizuia."

Alitikisa kichwa kwa uchungu, akachota jivu, akaendelea na ile sufuria ya harusi.

"Ningejua ilikokuwa," alisema, "ningeisugua mimi mwenyewe."

Telesphory akachukua ndoo, akaenda kumtekea maji.