Gauni Lililofumuliwa Mara Nne

Fundi wa nguo wa mtaa ule alikuwa na namba mbili, namba ya mdomo na namba ya daftari. Ukiingia kwake kushonesha sketi, alikuzungushia utepe kiunoni kwa adabu zote, akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la wateja, "Thelathini na nne." Daftarini akaandika thelathini na tisa. Ukimuuliza kama hujanenepa, jibu lake lilikuwa moja tu: "Usijali." Mtaa mzima ukamwita Usijali, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Watu walimpenda, na kwa nini wasimpende? Kwa Usijali mtu aliingia mnene akatoka mwembamba, na sketi inamkaa sawasawa. Kuwavika watu kilemba cha ukoka wanaweza wengi. Yeye alikishona kabisa, akakipiga na pasi.

Chupa yake ya chai ilikaa kando ya cherehani. Chai ilikuwa imetiwa sukari nyumbani, lakini safari ya kutoka nyumbani mpaka dukani ni ndefu, huenda utamu ulipungua njiani. Alifumba macho akamwomba Mungu aibariki, kisha akaongeza vijiko vinne, kana kwamba baraka haikukolea. Saa nne alikunywa soda. Baada ya chakula alikunywa nyingine, ya kushushia. Mteja aliyengoja naye alipewa ya kwake, maana Usijali hakuwa mchoyo hata kidogo. Aliunenepesha mtaa, kisha akaupanulia nguo. Mungu amsamehe, alidhani ni ukarimu.

Mdogo wa mkewe alikuwa mhudumu wa kliniki, mwembamba kama uzi, na ulimi wake mkali haukuhitaji sindano. Kila akipita dukani alimchokoza. "Shemeji, hiyo chai unakunywa au unatafuna?" Usijali alicheka, tumbo likacheka naye, likachelewa kunyamaza.

Lakini aliyependelewa kuliko wateja wote alikuwa mkewe. Huyo alikuwa na gauni la buluu, la kuendea ibada na harusi, alilomshonea miaka tisa iliyopita. Na hapo ndipo fundi alipofanya dhambi yake kubwa, tena kwa upendo. Kila alipoona gauni limeanza kumbana mama watoto wake, alingoja atoke kwenda sokoni, akafumua ubavuni, akaachia kitambaa kidogo kilichokunjwa ndani, akashona upya kwa uzi wa rangi ile ile. Kitambaa cha ndani kilipokwisha, akaongeza kipande chini ya kwapa. Akalipiga pasi, akalirudisha kwenye msumari wake kimya kimya. Mara nne alifanya hivyo.

Mke hakujua. Alivaa gauni, likaingia, akamshukuru Mungu. Akawaambia wenzake baada ya ibada kwamba yeye, pamoja na umri kusogea na kunywa chai yake ya vijiko vitano, mwili wake ni ule ule wa miaka tisa nyuma, na ushahidi ndio huu amevaa. Wenzake waliguna wakatazamana. Nao walishonewa na Usijali, kila mmoja akaamini namba yake na kutilia shaka ya mwenzake.

Siku moja mama huyo, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma miaka sita nyuma, akaona damu. Hakumwambia mumewe. Alimwambia mdogo wake, na mdogo wake hakutania siku hiyo. Alimjia Usijali dukani, akamwambia afunge cherehani, kesho wote watatu wanakwenda kliniki.

Mke alivaa lile gauni la buluu. Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wao wa kwanza. Alimpandisha mama kwenye mzani, akaandika, akauliza kama uzito umeongezeka miaka ya karibuni. Mama akasema haujaongezeka. Daktari akatazama mzani tena. Mama akamwambia kwa upole kwamba mzani wao mbovu, waite fundi.

Fundi alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha pembeni, anakunjakunja kofia yake.

Daktari alieleza polepole. Damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, lazima ijulikane imetoka wapi, kwa mnene na kwa mwembamba, ndiyo maana anataka kuchukua kipande kidogo kutoka ndani ya mfuko wa uzazi kikapimwe. Tena mafuta ya mwili yakizidi yanatengeneza homoni inayouchochea utando wa mfuko huo, ukaota na kuota, na siku nyingine ukageuka saratani. Unene una mkono pia katika saratani ya utumbo mpana, na ya matiti kwa mama wa umri huu. Sukari yenyewe haiendi moja kwa moja kupanda ugonjwa tumboni, alisema. Ila chai ya vijiko vingi na soda za kila siku ni njia rahisi kuliko zote ya kunenepa bila kushiba.

"Na asali je?" Usijali aliuliza, maana alishaanza kutafuta mlango wa kutokea. "Si Mungu ndiye aliyeitoa?"

"Ameitoa, baba," daktari akasema. "Vijiko ndivyo vyako."

Shemeji alikohoa kuficha kicheko. Lakini mke alikwisha kuchukua mkoba wake. Alishukuru kwa mafundisho, akasema maradhi hayo ni ya watu wanene, na yeye si mnene. Hiyo damu ni uchovu. Akashika ubavu wa gauni lake. "Hili nimeshonewa miaka tisa iliyopita, mwanangu. Muulize aliyelishona."

Wote wakamgeukia aliyelishona.

Angeweza kusema neno lake moja, lile lililompa jina, na wangerudi nyumbani wakanywa chai. Lilifika mpaka kwenye meno. Akamtazama mkewe amesimama na mkoba, mlango uko wazi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno lile lilimtisha.

"Mama watoto, keti," akasema. "Nimelifumua mara nne."

Hakumwelewa. Basi akapiga magoti mbele yake, akageuza pindo la ubavuni, akamwonyesha kwa kidole. Ndani ya kitambaa kulikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa mpaka wa zamani uliohamishwa. Mke aliihesabu mistari ile. Aliweka mkoba chini, akamwambia daktari, "Haya, chukua."

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele na mdogo wake, akamwacha mumewe nyuma. Wiki mbili walizongoja majibu, Usijali alimwomba Mungu kila alfajiri, na chai yake aliinywa bila kuongeza kitu. Alisema ina ladha ya adhabu.

Majibu yakaja. Haikuwa saratani. Utando ulikuwa umenenepa kwa namna ambayo ukiachwa ungeweza kufika huko. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze mwili, arudi baada ya miezi mitatu. Mke alilia kidogo, akamshukuru Mungu, kisha kutoka kliniki akanyoosha moja kwa moja mpaka dukani.

Benchi lilikuwa limejaa. Alisimama katikati, akanyanyua mikono. "Nipime. Na useme ya daftari."

Usijali alizungusha utepe. "Arobaini na saba," akasema, na kwenye benchi kila mmoja akaitazama sketi yake.

"Andika." Akamnyang'anya utepe. "Sasa simama wewe."

Fundi akasimama, akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Mkewe alimzungushia utepe, akaushika pale ncha zilipokutana kwa shida, akangoja.

"Pumua, baba watoto," akasema. "Leo tunasoma kwa sauti."