Migomba Mia Tatu ya Benadeta

Benadeta Kokuberwa wa Ihembe alikuwa na shamba la migomba na kahawa, na tabia moja iliyowachosha majirani: hakubali jambo mpaka alihakiki mwenyewe. Ndiyo maana kikundi cha wakulima kilimfanya katibu.

Mnyauko ulipoingia kwenye migomba, Elpidius, mtoto wa kaka yake anayetengeneza programu za simu huko Bukoba, alimletea yake: unapiga picha ya jani, simu inakuambia kama mgomba ni mgonjwa. Alifuatana na mwenzake wa kazini, Kemirembe, ambaye naye alikuwa na programu ya kazi hiyohiyo.

"Shikamoo shangazi. Tunataka kikundi chako kichague moja."

"Marahaba. Tutachagua tukishaona."

Siku mbili walizunguka mashambani. Kila mgomba ulipigwa picha kwa programu zote mbili, kisha Benadeta akapasua ndizi moja ya mkungu wake. Ikiwa na madoa ya kahawia ndani, basi ni mnyauko. Katika migomba sitini, Elpidius alipatia hamsini na mmoja, Kemirembe arobaini na minane.

"Nimeshinda!" Elpidius akaruka. Benadeta naye alichekelea. Ni mtoto wao.

"Mingi tumejibu sawa, shangazi," alisema Kemirembe. "Tazama ile tu ambayo mmoja kapatia na mwingine kakosea."

Benadeta akapekua daftari. Ilikuwa tisa: sita ya Elpidius, mitatu ya Kemirembe.

"Sita kwa tatu, hata sarafu ukiirusha inaweza kuleta hivyo," alisema Kemirembe.

"Umeshindwa ndiyo umekumbuka hesabu!" Elpidius akamtania.

Benadeta hakubishana. Alichukua sarafu ya mia mbili, akairusha mara tisa, akaandika simba mara ngapi na kichwa mara ngapi. Akarudia hivyo raundi ishirini, chakula cha mchana kikipoa. Katika raundi kumi na moja kati ya hizo, upande mmoja ulizidi mwingine kwa tatu au zaidi. Na sarafu haijui lolote kuhusu migomba! Akaona haya kidogo kwa jinsi alivyoharakisha kufurahi.

"Mwanangu, ushindi wako na bahati ya sarafu hii siwezi kuvitofautisha. Kesho tunaongeza migomba."

"Mingapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Waitu, shangazi!" Elpidius akalalamika.

Waliimaliza wakipita Chonyonyo mpaka Songambele, upande wa Kyerwa. Huko mtandao ulikatika, na kwa kuwa programu ya Elpidius haifanyi kazi bila mtandao, ilibidi wapande kilima kutuma kila picha yake. Ya Kemirembe ilijibu palepale shambani.

Katika migomba yote mia tatu, walitofautiana kwenye arobaini na mmoja: ishirini na miwili ya Elpidius, kumi na tisa ya Kemirembe. Safari hii hapakuwa na haja ya kurusha sarafu.

"Kwa kupatia, sioni wa kumzidi mwenzake," Benadeta aliwaambia wanakikundi. "Basi mimi nachagua ile isiyonipandisha kilima."

Wakaangua kicheko, wakaipitisha ya Kemirembe. Elpidius alinuna mpaka sahani ya matoke ilipofika. Baadaye akamsogelea Kemirembe, akamwomba amfundishe namna ya kufanya yake ijibu bila mtandao.

Sasa wawili hao wanaziunganisha programu zao ziwe moja. Walipopiga simu kumwomba Benadeta awapimie tena, aliwakaribisha kwa furaha, akawaagiza waje na mabuti: safari hii anataka migomba mia tano.